Mkaguzi wa Gemu 9,999

Gunia la kaseti za gemu nililinunua Kangeta, kwa mama mmoja aliyekuwa anafunga ukumbi wake wa video. Vijana walikuwa wamehamia kwenye simu, naye akaona afadhali afuge kuku mle ndani. Aliniuzia vyote pamoja: mashine mbili za kijivu, nyaya, vishikio vyenye vitufe, na kaseti zenyewe, za plastiki ya manjano, kila moja ukubwa wa kipande cha sabuni. Waliokua miaka ya tisini wanazijua. Unaichomeka kaseti kwenye mashine, mashine unaiunganisha na TV, picha ikikataa unaichomoa, unaipuliza, unairudisha. Mimi ni fundi wa redio na TV hapa Nkubu, naitwa Kaburu, na nilidhani nitauza mbili tatu kwa watu wanaokumbuka utoto wao. Sikujua kwamba nilikuwa nimembebea Mzee Thuranira kazi ya miezi kumi na saba.

Mzee Thuranira alikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na mmoja. Alizunguka masoko kutoka Laare hadi mpaka wa Embu akiwa na kisanduku cha mawe ya shaba, na wauza nyama walikuwa wakimwona tu wanaanza kupangusa mizani hata kama ilikuwa safi. Kisha akastaafu. Wenzake wengine walipanda parachichi. Yeye alibaki nyumbani akipima mkate. Kuna mkate alioutembeza kwa miguu hadi dukani kuurudisha kwa sababu ulipungua gramu kumi na moja, na kuna asubuhi mkewe, Ciku, alingoja kuwasha jiko kwa sababu njiti za kiberiti zilikuwa mezani zikihesabiwa.

Alikuja kwangu Januari ya 2023 na redio iliyokuwa ikinguruma. Nilipokuwa nikiifungua akainama juu ya gunia, akatoa kaseti moja, akaisogeza mbali na macho ili asome kibandiko.

"Fundi, hapa pameandikwa kuna gemu elfu tisa mia tisa tisini na tisa."

"Ndiyo, Mzee. Hizo huwa na nyingi."

"Umehakikisha?"

"Nihakikishe vipi?"

"Kwa kuhesabu," akasema, kama mtu anayemwambia mtoto jina la mto.

Nilimweleza kwamba kibandiko ni biashara tu, kwamba kila mtu anajua ndani mna gemu kama saba hivi zinazorudiwarudiwa. Hilo lilikuwa kosa langu. Uso wake ulibadilika. Aliniuliza ni nani huyo kila mtu, na kama anajua, kwa nini hajaandika popote. Alisema kwamba bidhaa ikiuzwa na idadi juu yake, idadi hiyo ni kiapo. Nilikuwa na wateja wawili wanangoja, basi nikamfungia ile kaseti pamoja na mashine moja na vishikio vyake, kwa bei ya chai na mandazi, ili aende. Redio yake aliisahau. Iko hapa rafuni mpaka leo.

Wiki iliyofuata nilipita kwake kumpelekea redio, nikamkuta sebuleni amevaa koti la kazi na tai. TV ilikuwa imewashwa, daftari limepigwa mistari kwa rula. Alikuwa kwenye gemu ya tisa, ile ya vifaru vinavyopigana katikati ya matofali. Alishika kishikio kwa mikono miwili, mbali na kifua, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe ambebe kidogo.

"Keti," akasema. "Nina swali la kisheria. Gemu ya kwanza ni vifaru. Gemu ya tisa pia ni vifaru, ila matofali yamekuwa ya buluu. Je, hii ni gemu nyingine?"

"Ni ile ile, Mzee."

"Usiharakishe. Tofali likipakwa rangi, ni nyumba nyingine?"

"Hapana."

"Basi andika jina lako hapa kama shahidi."

Nikaandika. Ndipo akanieleza kanuni zake. Kila gemu ingechezwa kuanzia mwanzo. Hakuna gemu ambayo ingehesabiwa kuwa imekaguliwa kabla hatua yake ya kwanza haijapitwa, kwa sababu huwezi kusema gunia ni la maharagwe kwa kutazama shingo yake. Kwa siku angekagua gemu zisizopungua ishirini, Jumapili apumzike, na umeme ukipotea apumzike kwa lazima. Nikamuuliza kwa nini asiruke zile zinazojirudia. Alinitazama kwa huruma. Alisema kwamba wezi wote aliowahi kuwashika, aliwashika kwenye jiwe ambalo wakaguzi wengine waliliruka.

Ikawa hivyo. Redio nilirudi nayo, maana alisema itamchanganya.

Kufikia Machi alikuwa amepita gemu ya elfu moja. Alikuwa amepata vifaru, bata wanaopigwa risasi, mpira, pikipiki, mtu anayechimba, mtu anayeruka mashimo, na ndege inayoanguka ukiitazama vibaya, na zote zilikuwa zimejirudia mara mia na zaidi kwa majina mapya. Kuna bata waliitwa Bata, wakaja wakaitwa Vita vya Angani, wakaja wakaitwa Krismasi. Aliyaandika yote. Kisha akaja dukani akasema ukaguzi hauwezi kutegemea sampuli moja. Akalitazama gunia langu, akalichukua lote, na siku hiyo hiyo akaabiri gari kwenda Maua kwa Isaack, anayeuza vitu vya umeme vilivyotumika, akarudi na katoni. Kaseti zilipofika mia moja na arobaini, Ciku aliona sufuria zake zimehamishiwa chini ya kitanda na rafu yake ya vyombo imejaa plastiki ya manjano, iliyopangwa kwa idadi inayodaiwa, kuanzia ndogo kwenda kubwa.

Miongoni mwa hizo kulikuwa na moja isiyodai kitu. Ilikuwa na picha ya mpira na haikuandikwa idadi yoyote. Ndani mlikuwa na gemu moja ya mpira. Mzee Thuranira aliirudia mara tatu asiamini. Siku ya pili alienda kwa mchapishaji wa kadi za harusi akatengenezewa vibandiko vyeupe vyenye maneno IMEKAGULIWA NA KUTHIBITISHWA, akabandika kimoja juu ya ile kaseti, akatia sahihi. Nilimwona akiipangusa kwa shati lake.

Ciku alikuwa mvumilivu, lakini alipoona mumewe hatokei kwenye jumuiya ndogondogo ya kanisa mwezi mzima, alimwomba katekista aje aseme naye. Katekista wetu anaitwa Nyaga, mtu mpole kutoka Embu mwenye sauti inayoweza kumlaza mgonjwa. Alifika Jumatano baada ya chakula cha mchana, na Biblia yake na mfano aliouandaa njiani.

"Mzee wetu," akaanza, "tumekukosa."

"Umefika wakati mzuri," Thuranira akamwambia. "Nahitaji shahidi asiye na maslahi."

Ukifungua daftari la tatu utaona sahihi ya Katekista Nyaga kuanzia gemu ya 2,040 hadi 2,068, na kando ya 2,051, ambayo ni bata tena, ameandika kwa mkono wake: *Hawa wana kasi zaidi.* Alirudi Jumatano iliyofuata bila mfano wowote. Ya tatu alikuja na miwani yake ya kusomea. Ciku ndiye aliyemkataza mlangoni, akamwambia kwamba sasa jumuiya inawatafuta wawili.

Mwaka ukapita. Madaftari yakafika manane. Mzee alikuwa amejifunza kucheza, si kwa ustadi wa vijana, bali kwa namna yake: hakuharakisha, hakukasirika, na alipouawa na kifaru alinukuu saa. Watu walizoea. Vijana wa bodaboda walipompita walimuuliza amefika ngapi, naye aliwajibu kwa idadi kamili. Kisha, Februari, akafika 7,311, na kazi ikasimama.

Alinijia dukani akiwa amefunga tai vibaya.

"Fundi, funga kidogo. Nimepata gemu ambayo haijawahi kuonekana."

Nilidhani ni umri. Nilienda naye. Kwenye skrini kulikuwa na duka. Ndani ya duka kulikuwa na kijitu kifupi chenye aproni, mbele yake mizani ya sahani mbili, nyuma yake gunia la kitu cheupe, na foleni ya wateja waliotoka nje ya picha. Kila mteja alikuja na idadi juu ya kichwa chake, moja, tatu, mbili. Ukibonyeza kitufe, kijitu kilimimina kile kitu cheupe mpaka sahani zikalingana, mteja akaondoka, akaja mwingine. Hakukuwa na bunduki wala ndege. Muziki ulikuwa noti tatu.

"Mimina," akasema, akanipa kishikio.

Nikamimina. Niliwahudumia wateja kumi na wanane. Gunia likaisha, na wateja wawili walikuwa bado wamesimama. Kijitu kikashika kichwa, skrini ikawa nyeusi.

"Umeona?" akasema. "Nimeicheza mara arobaini na moja. Nimepima sawasawa kila mara. Gunia ni la wateja kumi na wanane. Foleni ni ya ishirini. Fundi, haiwezekani kupita bila muujiza."

Nilimshauri airuke. Kwa wiki tatu alikaa hapo 7,311. Alijaribu kumimina polepole. Alijaribu kumimina haraka. Alijaribu kuanza na wateja wakubwa, lakini foleni haikubali kupangwa. Alichora gunia kwenye karatasi ya miraba akakadiria ujazo wake. Alitafuta kitufe cha kufunga duka, akasema kwamba mfanyabiashara mwaminifu akiishiwa bidhaa hufunga duka na kuomba radhi, na kwamba aliyeunda gemu bila kitufe hicho alikuwa na malezi mabaya. Alikonda. Katekista Nyaga, aliyesikia habari, aliuliza kupitia kwangu kama maombi yangesaidia, na Thuranira akajibu kwamba yangesaidia ila hayana safu kwenye daftari.

Siku ya mambo hayo kuisha nilikuwepo, maana nilikuwa nimeitwa kuangalia kama kaseti imeharibika. Ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri. Ciku alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele kwenye ungo. Yeye huuza mchele wa Mwea sokoni Nkubu, kwa kilo, na ameuuza tangu walipooana. Alikuwa hajawahi kuitazama ile TV kwa muda wa kumaliza sentensi. Siku hiyo aliinua kichwa kunyoosha shingo, akatazama, akaendelea kutazama.

"Huyo mtu," akasema, "mbona wamemchora na kidole gumba kirefu hivyo?"

Tukatazama. Kweli, kijitu kile, ambacho mwili wake wote ulikuwa miraba michache, kilikuwa na kidole gumba kilichojitokeza kama mpini wa jembe.

"Mchoraji hakuwa na ujuzi," akasema Thuranira.

"Vidole vingine hakuchora kabisa. Leta hiyo kitu."

Aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye leso, akachukua kishikio. Alivibonyeza vitufe kimoja kimoja kuvijaribu. Kilichokuwa upande wa chini, ambacho mimi na Mzee tulikuwa tumekiona hakina kazi, alikishika na kukishikilia wakati kijitu kilipokuwa kikimimina. Kile kidole kikashuka taratibu, kikakaa ukingoni mwa sahani. Sahani ikashuka. Mchele ulikuwa haujafika nusu. Mteja akaondoka ameridhika.

Ciku aliwahudumia wateja ishirini, akiachia kitufe na kukishika kwa utulivu wa mtu anayesuka kiondo, na mwisho gunia lilibaki na kiasi. Nyota zikaanguka kwenye skrini. Muziki ukaongeza noti ya nne.

Thuranira alikuwa amesimama.

"Mama Kinya," akasema. Hivyo ndivyo humwita, kwa jina la binti yao aliye Embu. "Ulijuaje?"

"Si nimeona kidole."

"Sisi pia tulikuwa na macho."

Ciku akaokota ungo wake.

"Baba Kinya, nimeuza mchele miaka thelathini."

"Mizani yako niliikagua mwenyewe. Kila mwaka. Niliipiga muhuri kwa mkono huu."

"Na ilikuwa safi. Kidole hukukikagua."

Nilijaribu kuondoka, lakini nilikuwa katikati ya mashine na ukuta. Mzee alikaa, akavua miwani, akaivaa tena. Aliuliza, kwa sauti ya kiofisi ambayo sikuwa nimeisikia tangu astaafu, kama jambo hilo lilifanywa kila siku. Ciku akasema hapana, siku za ada ya shule tu. Akauliza kama kuna mkaguzi yeyote aliyewahi kuliona. Ciku akasema mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi.

"Sikuwahi kumwambia mtu siku yangu ya kuja," akasema Thuranira. "Ilikuwa siri ya kazi."

"Jumatano jioni ulikuwa unaniomba nikupigie pasi shati la kaki."

Siku ya tatu Mzee alimwandikia mkewe ilani rasmi, nakala mbili, akimtaka aeleze ndani ya siku kumi na nne kwa nini asichukuliwe hatua. Ciku aliipokea, akatia sahihi ya kuipokea, akaikunja mara nne akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Baadaye, hakuambiwa na mtu, alianza kuongeza konzi ya mchele juu ya kila kilo anayouza. Aliniambia ni kwa muda tu, mpaka atakapohisi imetosha. Wateja walijaa kwenye kibanda chake, na majirani zake sokoni wakaanza kusema ana dawa.

Lakini 7,311 ilikuwa imepitwa, na kanuni ilitaka hatua ya kwanza tu, kwa hiyo Mzee angeweza kuendelea na 7,312. Hakuendelea. Alitaka kujua hatua ya pili ina nini. Alimwomba Ciku acheze tena, kwa ajili ya kumbukumbu, na Ciku akacheza, na katika hatua ya pili, baada ya mteja wa sita, akaingia dukani kijitu kingine chenye kofia na kisanduku mkononi.

Thuranira alisogeza kiti. Nilimwona akimtambua.

Kijitu cha kofia kilizunguka duka. Kila kilipokaribia, Ciku aliachia kitufe na kupima haki bin haki. Kilipogeuka, kidole kikashuka. Mzee alikuwa akisema na TV kwa sauti ndogo. "Rudi. Rudi sasa hivi. Usiangalie paa, mwangalie mkono." Kijitu hakikumsikia. Kilitembea kama vile yeye alivyotembea sokoni zamani, kwa mwendo ule ule na kwa njia ile ile, na Ciku akapita hatua ya pili, ya tatu na ya nne bila kupepesa.

Mimi ndiye niliyechomeka kishikio cha pili. Sikuwa na wazo lolote. Kilikuwa kwenye boksi, tundu lilikuwa wazi, na fundi hawezi kuona tundu wazi akaliacha. Thuranira alikichukua bila kufikiri, akabonyeza kwenda kushoto. Kijitu cha kofia kikaenda kushoto.

Akabonyeza kulia. Kikaenda kulia.

Nilifunga kisanduku changu cha vifaa nikawaaga. Macho yao yalibaki kwenye TV.

Ukaguzi wenyewe aliumaliza Juni mwaka huo. Alichinja mbuzi, akamwalika katekista, jirani wawili na mimi, na mbele yetu akafungua gemu ya 9,999. Ilikuwa vifaru. Matofali yalikuwa ya kijani. Alisoma taarifa yake amesimama: gemu zilizodaiwa, elfu tisa mia tisa tisini na tisa, zilizopatikana, nane. Kisha akabandika karatasi nyeupe juu ya ile idadi ya uongo, akaandika 8, akatia sahihi, na Nyaga akapiga makofi peke yake mpaka akaona aibu. Barua ya malalamiko iliandikwa pia, lakini kaseti haina anwani ya aliyeitengeneza, kwa hiyo nimeitundika dukani. Watu huisoma wakingoja simu zichaji. Siku hizi mtu wa Nkubu haulizi kaseti ina gemu ngapi. Anauliza kama ina sahihi ya Mzee, na Isaack wa Maua amelalamika kwangu mara mbili kwamba katoni zake zimekosa wanunuzi.

Kumi na saba kati ya zile kaseti ndizo zilizofaulu, maana gemu moja tu ikijirudia, kaseti ilianguka. Zilizobaki zimefungiwa stoo, chini ya kufuli, kama ushahidi, na sufuria zimerudi rafuni.

7,311 bado inachezwa, kila Jumapili wakitoka misa na kula. Mimi hupita pale mara kwa mara kwa kisingizio cha nyaya. Yeye anavaa tai. Ciku anavua viatu, anakunja miguu kwenye kochi. Hawazungumzi sana, ila utamsikia Mzee akisema "Simama hapo," na Ciku akijibu "Nimesimama, pima," na kwa mbali ule muziki wa noti nne. Siku ambayo hawakucheza ni moja tu, Mzee alipougua homa, na hata hiyo alimtuma mtoto wa jirani aniulize kama mchezo unaweza kuchezwa mtu akiwa amelala.

Mzee ameshabadilisha nyakati za doria, amebadilisha njia, kuna wakati alisimama tu nje ya duka bila kusogea kwa dakika kumi na tano akitumaini kwamba atasahaulika. Mpaka Jumapili iliyopita alikuwa amemkamata mara mbili. Moja kati ya hizo, Ciku anasema isihesabiwe, kwa sababu alikuwa anainuka kutoa chai jikoni na kidole akakisahau pale kwa bahati mbaya. Thuranira ameihesabu.